Injini Yenye Mihuri Mitatu

Jumamosi, 16 Agosti

Padri kaniambia niandike. Kila nikimficha Anjelina jambo, niliandike siku hiyohiyo, bila kujitetea. Hayo ndiyo malipizi yangu kwa ile ishu ya mashine ya kutotolesha vifaranga. Sitaielezea. Vifaranga wenyewe hawakutokea.

Basi nimenunua kaunta buku. Mie Benedikto, miaka hamsini na mbili, mtunza stoo kwenye kiwanda cha magodoro Chang'ombe, mkazi wa Kiwalani, mzaliwa wa Ndanda, nakiri: leo nimetoa gari ya mke wangu.

Kibibi! Kagari kadogo, rangi ya chai ya maziwa, miaka kumi na tisa, hakajawahi kukataa kuwaka. Anjelina ni mwalimu, na jioni anauza barafu za friza lake. Anaenda nako shule, anarudi nako na madaftari sitini siti ya nyuma. Nimemwambia nimempeleka Kibibi kupigwa rangi kwa ajili ya sendofu ya Jenipher, binti yetu, Jumamosi ijayo. Amefurahi. Amenishukuru. Amenipa kichwa cha samaki. Nimekila, Mungu anisamehe.

Chanzo ni mdomo. Juzi kwenye kikao cha kamati ya sendofu, Sebastian, mdogo wake Anjelina, kasimama na suti yake. Akasema kwa heshima zote kwa shemeji, wakwe watashuka na magari ya maana, sasa bibi harusi hawezi kushuka kwenye Kibibi mbele za watu. Kwa hiyo atambeba yeye, na ile gari yake nyeupe. Watu wakapiga makofi. Mie baba mzazi nimekaa pale na soda! Nikasimama nikasema gari ya binti yangu ni jukumu langu, nyie subirini mtaona. Wakapiga makofi tena. Jeni peke yake hakupiga. Alinivuta pembeni, akasema, Baba, mie gari yoyote sawa. Nataka tu kufika ukumbini saa kumi na mbili, mkavu na msafi, na wewe uwepo nikikulisha keki. Basi. Nikamwambia wewe tulia.

Leo, Mwenge, nimekutana na Praygod. Mtu anaitwa Praygod atakudanganyaje? Gari yake ya bluu. Iko chini kama kigoda. Nyuma ina bawa unaloweza kuwaandalia chakula watu wanne. Mdomo wa ekzosi kama sufuria. Alipoiwasha, mchonga vinyago wa jirani alishtuka, patasi ikateleza, twiga akakosa sikio. Alitutukana kwa kilugha. Mie nilikuwa nimeshapenda.

Praygod kasema injini imefunguliwa yote ikajengwa upya. Pistoni mpya, ringi mpya, na ikafungwa turbo kubwa. Sikia huo mluzi, mzee wangu! Nikausikia. Nikamwomba risiti za hiyo kazi. Mie siyo mjinga, stoo kwangu godoro halitoki bila karatasi hata aje mkurugenzi. Akasema risiti ziliondoka na mafuriko ya mwaka jana, pamoja na kabati. Fundi je? Fundi ni mtu wa kwenu kabisa, anaitwa Leonardi, yuko Ndanda anapulizia mikorosho salfa, kule shamba simu haishiki. Tukapiga mara mbili. Kweli haishiki.

Hapo ndipo nilipotumia akili. Nikamwambia twende serikali ya mtaa. Tukaandikiana mkataba: mie natoa Kibibi na mabati ishirini niliyoweka kwa ajili ya nyumba ya Chanika, yeye anatoa gari ya bluu ambayo injini "imejengwa upya yote na ina turbo". Neno kwa neno! Mtendaji akauliza kama twende tukafungue boneti. Nikamwambia haina haja mheshimiwa, wewe gonga muhuri. Akagonga mitatu.

Sasa injini yangu ina mihuri mitatu. Nani anahitaji risiti?

Jumapili, 17 Agosti

Gari nimeificha kwa Jabiri, mlinzi wa kiwandani kwetu, ana uwanja. Kuifikisha hapo ilikuwa kazi. Kiwalani kuna matuta. Kwenye tuta la tatu tumbo la gari likakaa juu, tairi zikabaki zinaelea, kama mbuzi aliyekwama kwenye ukuta. Wanaume sita wakaja kuibeba. Mmoja akaniuliza, mzee, miguu ya gari umeiacha wapi? Nikacheka nao. Ndani sikuwa nacheka.

Na moshi! Wa bluu, kama rangi ya bodi. Jabiri katoka anakohoa, kaniuliza, braza, humo ndani unachoma mkaa? Nikamweleza kwamba turbo ndivyo ilivyo. Akasema aah. Ile aah yake sikuipenda.

Baada ya misa Padri kaniuliza kama naandika. Nikasema naandika. Akauliza kama kipo cha kuandika. Nikasema kidogo.

Jumatatu, 18 Agosti

Oili imekwisha! Juzi ilikuwa imejaa, leo kijiti cha kupimia kimetoka kikavu kama cha kibiriti.

Nimempelekea Mauwa, fundi wa Chang'ombe, mwanamke mwenye ovaroli iliyopigwa pasi. Anaongea na injini kwa upole na wenye magari kwa ukali. Kaniambia shikamoo, na hiyo ikawa heshima ya mwisho. Kafungua boneti. Kaniita nione bolti za injini: zina kutu yao ya tangu zamani, hakuna spana iliyowahi kuzigusa. Kasema, baba yangu, hii injini haijafunguliwa tangu iletwe nchini. Ringi zimekwisha. Inakunywa oili kama watu wa msibani wanavyokunywa chai.

Nikamwonyesha mkataba. Kausoma wote, taratibu, kakunja vizuri, kanirudishia. Akauliza hii mihuri nikufungie kwenye silinda ya ngapi.

Mafundi wenzake wakacheka. Mmoja alilazimika kukaa chini.

Nikauliza, na turbo? Maana mluzi nausikia kwa masikio yangu. Mauwa kaenda nyuma, kaingiza mkono kwenye ekzosi, kazungusha, katoa kibomba kidogo kama filimbi ya refa. Kumbe kinachomekwa humo tu, hewa ikipita kinapiga mluzi. Turbo hakuna. Haijawahi kuwepo. Nimetoa Kibibi na mabati ishirini, nimepewa filimbi.

Anjelina kauliza rangi imefikia wapi. Nimesema tabaka la kwanza.

Jumanne, 19 Agosti

Mwenge tena. Kazini nimeomba ruhusa kwa kusingizia jino. (Hii nayo naiandika, Padri.)

Nilijua Praygod atakimbia. Hakukimbia! Kanivutia kiti, kaniagizia maji ya baridi. Nikamwambia nampeleka polisi, mkataba ninao. Akasema vizuri sana, mzee wangu, hebu tuusome pamoja. Akasoma kwa sauti mpaka mstari wa mwisho: "Nimepokea mali hii ikiwa kamili, nimeikagua na nimeridhika nayo." Chini yake sahihi yangu. Mihuri mitatu, mmoja umeikalia sahihi kabisa.

Mstari huo niliuweka mie! Yeye hata hakuuomba. Miaka ishirini na tatu stoo, kila karatasi inayopita mkononi mwangu naimalizia hivyohivyo. Mkono uliandika wenyewe. Nimewahi kumrudisha dereva mpaka Morogoro kwa sababu karatasi yake haikuwa na mstari huo.

Nikataka turudishiane basi, yaishe. Akasema mabati yameshapanda juu ya banda. Nikatazama juu. Yanang'aa.

Halafu kaongeza msumari wa mwisho. Kadi ya Kibibi ina jina la Anjelina. Anataka sahihi ya Anjelina ili abadilishe umiliki. Fomu kaniandalia, namba yake ya simu kaiandika juu. Kasema, mzee wangu, mie kwangu nimemaliza, sasa maliza na wewe kwako.

Kwangu!

Alhamisi, 21 Agosti

Jana kikao cha mwisho cha kamati. Sebastian kaniuliza mbele za watu, shemeji, ulisema tusubiri tutaona, tumeshasubiri, tutaona lini? Wakacheka. Nikasema ina turbo. Mungu wangu! Filimbi ninayo mfukoni, nimeishika kwa vidole, na mdomo unasema turbo. Makofi. Sebastian kakaa chini. Nilijisikia vizuri kwa kama dakika nne.

Leo fomu. Nimeichomeka katikati ya karatasi za sendofu ambazo Anjelina alitakiwa kusaini: ya ukumbi, ya mpishi, ya mapambo, ya keki. Nikamwambia saini tu mke wangu, mambo ya kawaida hayo. Nilisahau nimeoa mwalimu wa darasa la nne. Huyu mtu husoma hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Kachukua kalamu nyekundu, kakaa mezani, kavuta taa karibu. Nikatoka nje nikasema naenda kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Niliporudi, karatasi nne zimesainiwa, zimepangwa vizuri. Ya tano haipo. Nikatafuta chini ya meza, chini ya zulia. Anjelina akauliza natafuta nini. Nikasema miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Leo pia kaenda shule kwa bodaboda, madaftari sitini yamefungwa kwenye kanga mapajani. Karudi na vumbi mpaka kwenye kope. Hajalalamika. Afadhali angelalamika.

Ijumaa, 22 Agosti

Nilitaka kukiri. Kweli nilitaka. Nimefika mpaka mlango wa jikoni, nikawakuta Anjelina na Jeni wanajaribu viatu, wanacheka mpaka wameshikana mabega. Nikasema moyoni, siku ya furaha haifai, nitasema baada ya sendofu. Siku ya huzuni nayo haifai. Nimegundua hakuna siku inayofaa.

Nikaenda kwa Mauwa. Kasafisha plagi, kamwaga oili mpya, kanipa masharti. Inaweza kufika. Mara moja tu, kwenda bila kurudi. Niongeze oili kila kituo cha mafuta, nisizidi hamsini, nisikanyage mafuta kwa nguvu hata kama nafukuzwa. Nikauliza ushauri bei gani. Akasema huo wa bure, kwa sababu huwezi kuufuata, baba yangu.

Galoni ya oili iko kwenye buti. Filimbi nimeirudisha kwenye ekzosi. Sebastian atakuwepo.

Jumapili, 24 Agosti

Jana sikuandika. Leo naandika yote.

Saa tisa na nusu nimemchukua Jeni saluni, Mwenge. Gauni la kijani, nywele zimepandishwa juu. Akaiona gari. Akaniuliza, sasa Baba, naingiaje? Kweli, iko chini mno. Wasusi wawili wakamshusha taratibu kama trei la mayai. Mluzi ukapiga. Tukaondoka.

Ubungo, oili. Tabata, oili. Na kila nikiangalia kioo cha nyuma, ndani ya moshi namwona Kibibi. Rangi ya chai ya maziwa, magari mawili nyuma yetu. Nikafumba jicho nikafumbua. Yupo. Nikajua hiyo ni dhamiri. Padri alinionyaga kwamba dhamiri humfuata mtu. Hakusema kwamba inawasha indiketa.

Buguruni, taa nyekundu. Pembeni yetu ikasimama gari ya chini kama yangu, kijana mwenye miwani myeusi. Akangurumisha. Nikamjibu. Sijui kwa nini! Nina miaka hamsini na mbili, binti yangu yuko nyuma na gauni, masharti ya Mauwa nayajua kwa kichwa. Taa ikawa kijani, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Ikasikika paa! Kisha kimya. Kisha moshi, mpaka trafiki akaziba pua kwa kofia. Jeni anakohoa. Anasema, Baba, gauni. Baba, saa kumi na moja na dakika ishirini.

Kibibi akaegesha kando yetu. Akashuka Anjelina, na sare yake ya mama mzazi, viatu mkononi.

Kamtoa Jeni kwenye moshi, kampangusa uso kwa ncha ya kitenge, kamkalisha kwenye siti ya mbele ya Kibibi, kaingiza gauni lote, kafunga mlango polepole. Ndipo akanigeukia. Akatoa fomu kwenye pochi. Jina lake amelizungushia kalamu nyekundu, na pembeni kaweka alama ya kuuliza. Moja tu, kubwa. Kumbe tangu Alhamisi yeye ndiye alimpigia Praygod, kwa ile namba iliyoandikwa juu ya fomu. Alimwambia kadi ni yangu, gari ni yangu, na mie sijauza kitu, kwa hiyo uilete mwenyewe au nije na askari kuichukua. Ijumaa jioni Kibibi alikuwa amelala kwa jirani wa tatu kutoka kwetu.

Akasema, Baba Jeni, tutaongea kesho, mtoto anachelewa. Kibibi akawaka mara moja.

Wamefika ukumbini saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Mkavu na msafi.

Mie nimebaki Buguruni. Aliyenifuata ni Sebastian, na kamba. Aliifunga mwenyewe na suti yake, akifurahia kila fundo. Akauliza, shemeji, hii turbo inavutwa mbele au nyuma? Akanivuta mpaka ukumbini, akanizungusha uwanjani mara mbili akisema anatafuta nafasi. Nafasi zilikuwa tele. Akina mama wa mapokezi wakapiga vigelegele, wakadhani wakwe wamefika.

Keki ilikuwa imeshalishwa. MC aliita baba mzazi mara tatu. Watu waligeuka kuangalia mlango mara tatu. Anjelina akala vipande viwili, chake na changu, ili shughuli iendelee.

Sikuingia. Nilikaa ndani ya gari nanuka oili, nasikiliza hotuba kupitia spika. Halafu Jeni akatoka peke yake, gauni kalishika juu ya vifundo. Ili afikie dirisha langu ilibidi apige magoti kwenye changarawe. Kafungua tishu, katoa kipande cha keki, kanilisha. Kasema, kula Baba, sitaki niondoke nyumbani kwako hujala keki yangu. Nimekula. Nimelia mbele ya mlinzi wa magari, na yeye akageuka kuangalia ukuta.

Leo nimekiri kila kitu. Fomu, filimbi, jino, tabaka la kwanza. Anjelina kasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kama mtoto anasoma insha. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nimpakie Jeni wakati alikuwa anajua. Kasema alinipa nafasi ya kusema mwenyewe mpaka dakika ya mwisho. Na alikaa nyuma yangu kwa sababu ananijua.

Gari ya bluu itarudi kwa Praygod. Mabati, Anjelina kasema tuyahesabu kuwa ada, kila mtu hulipia shule yake. Ufunguo wa Kibibi sasa anauvaa shingoni pamoja na rozari.

Alhamisi, 28 Agosti

Mtu mpya! Juzi kwenye jumuiya nimesimama mbele ya wote nikaapa kwamba sitanunua gari tena maishani mwangu, ya bluu wala ya rangi yoyote. Wakasema amina. Sebastian alisema amina mara mbili.

Ila ishu ni kwenda kazini. Shule ya Anjelina iko upande mwingine, kwa hiyo Sebastian amejitolea kunipa lifti. Kila asubuhi anapita njia ndefu, vioo vimeshushwa, anasimamisha gari kwa kila anayemjua. Shikamoo mama, namwahisha shemeji, si unajua hana usafiri. Siku nne mfululizo! Ayubu alipata majipu, lakini hakupewa lifti na shemeji.

Sasa Gaspar, yule muuza mchanga wa hapo kona, anauza guta. Tairi tatu, nyuma sehemu ya mizigo. Guta siyo gari. Sikuamua mwenyewe, nimemwuliza Padri, kwa ujumla tu, kama guta ni gari. Alisema siyo. Akauliza kwa nini. Nikasema nilitaka kujua.

Gaspar kasema injini imefunguliwa yote mwezi uliopita ikafungwa upya. Karatasi hana. Lakini mie wa leo siyo yule wa juzi, sikwenda kwa papara. Nimemwuliza mara moja tu, kisha nikamtazama machoni muda mrefu. Hakupepesa hata mara moja. Mwongo lazima apepese. Na mkataba hatukuandika kabisa, maana mkataba ndio ulioniponza.

Guta liko kwa Jabiri. Linatoa moshi kidogo, ila huu mweupe. Jabiri kasema aah. Simsikilizi. Kesho asubuhi nitampita Sebastian hukohuko kwenye njia yake ndefu, na nitampungia mkono.

Anjelina karudi kutoka shule, kauliza friza lake la barafu liko wapi. Nimemwambia limeenda kujazwa gesi.